Kosa Lenye Fyuzi

Alifika sanaiya ya Ibra saa nne, jua limeshakaza,
na pikapu nyeupe ya tangu mimi sijaoa.
Ukikata kushoto, honi inalia vipandevipande
kama mtoto mwenye kwikwi.
Ukikanyaga breki, wipa zinaamka,
zinafuta mvua isiyonyesha.

"Nani kakufungia nyaya hizi, mama?"
nikauliza kwa Kiarabu. Hakujibu.
Nikazama chini ya dashibodi, mgongo juu ya bati la moto,
testa mdomoni,
na nilipoutukana waya wa kwanza kwa Kiswahili
nikasikia kicheko juu yangu:
"Ehe! Kumbe wa kwetu.
Basi taratibu na aliyeufunga. Marehemu Nabhan huyo, mume wangu."

Nikameza mate, nikaendelea.

Marehemu alikuwa mpima ardhi, hakuwa fundi.
Mwekundu kaukabidhi kwa wa kijani,
wa kijani kaukabidhi kwa wa bluu,
wa bluu ukapotelea chini ya zulia
ukaibuka upande wa pili
umekuwa waya wa kengele ya mlango.
Tepu nyeusi imeyeyuka kwa joto la miaka,
inanata vidoleni kama halua iliyosahauliwa juani.
Fundo moja alilifunga kwa plasta ya kidonda,
jingine kwa uzi wa kudarizia kofia.
Nikakata. Nikamenya.
Shaba ndani imeota kijani, inasagika kama majani ya chai.
Rafiqul ananishikia taa, anahesabu mafundo: kumi na tisa.
Kila moja lilikuwa na sababu yake.
Hakuna lililokuwa na fyuzi.

Siku mbili. Nyaya mpya, rangi kwa rangi,
lehemu safi, mpira unaojibana kwa moto.
Kata kushoto: taa inapepesa, tik, tik, basi.
Kanyaga breki: wipa zimelala.
Bi Zayana akalipa riyali kumi na nane,
akaondoka kimya, na gari lake kimya.

Alhamisi huyo karudi.
"Kuna waya umekatika tena?"
"Haukukatika. Nirudishie honi yangu.
Umetengeneza gari, umekata habari."

Kichochoro cha kwao, ukishavuka falaji,
lazima ukate kushoto.
Miaka kumi na moja honi inalia pale pale, atake asitake.
Na dada yake Ghaliya, ambaye macho yalishamwaga,
akiisikia tu, anapapasa dele, anainjika kahawa.
"Juzi nimeingia kimya, kanirushia kopo la hiliki.
Kadhani mwizi."

"Si ubonyeze mwenyewe, mama?"

Akanitazama kama niliyemwambia
apige hodi nyumbani kwake.
"Nikibonyeza, nimekusudia.
Ghaliya anajua tofauti."

Basi nikafungua nilichokifunga.
Waya mpya, rilei ndogo, fyuzi ya ampea kumi,
kutoka taa ya kushoto hadi honi,
ya kushoto peke yake.
Rafiqul anauliza: ustadhi, tunatengeneza au tunaharibu?
Nikamwambia leta koleo.
Sijapata kulifunga kosa kwa uangalifu namna ile.

Tukajaribu. Pi, pi, pi.
Akainamisha kichwa, anasikiliza.
"Ya tatu ilikuwa inakwama," akasema.

Hilo nilishindwa.
Kukwama kwa Nabhan hakuuzwi dukani,
na mafundo kumi na tisa nilishayatupa
pipani, pamoja na mafuta machafu na vichujio.
Nikamwambia ukweli. Akatikisa kichwa,
akaniwekea riyali tatu juu ya betri, nikazirudisha,
akaziweka tena.

Langoni mwa sanaiya, njia ya kwao ni kulia.
Akasimama. Hapakuwa na gari lolote linalokuja.
Akakata kushoto.